Punda wa Saba

Walitoka kumi na mmoja katika karakana moja:
magurudumu manne madogo mbele, manne makubwa nyuma,
na tangi la maji limeketi juu ya boila
kama tandiko.
Wahandisi waliwapa namba. Sisi tukawaita punda.

Wetu alikuwa wa saba.
Nilimlisha makaa miaka kumi na minne,
mimi Digory Pascoe, mchochea moto,
na haya sikuhadithiwa, makovu ninayo mikononi.

Cornwall ni nchi isiyopigwa pasi.
Unavuka bonde, daraja la mbao linalia chini yako,
hujamaliza kushukuru, mlima huo usoni,
na mlima una kona,
na kona ina ukungu wake usiokauka hata Julai.
Zile injini ndefu, za kukimbia tambarare,
zililetwa huku mara moja, zikarudi zimetoka jasho.
Punda hakukimbia. Punda alipanda.

Dereva wangu Jabez Trewin
hakutazama sana kipimo cha presha.
Aliweka kiganja kwenye bati la kibanda, akangoja.
"Digory, ana kiu." Nafungua maji.
"Digory, ana njaa." Nakamata koleo.
Kutwa nzima hayo ndiyo mazungumzo yetu.
Mkewe aliniambia nyumbani hayazidi hapo.

Sasa, usiku ule wa Oktoba.
Mvua ya siku tatu, majani ya mialoni
yamelala juu ya reli, yamesagwa yakawa sabuni.
Mabehewa matano, abiria tele,
na katikati ya mwinuko magurudumu yakaanza
kuzunguka palepale, kutwanga maji kinuni,
cheche zikiruka, na sisi hatusogei hata shubiri.
Nikavuta mkono wa mchanga: mchanga umeganda.
Nikaupiga kwa nyundo. Nikaupiga kwa matusi.

Wa kwanza kushuka alikuwa Loveday Hocking,
muuza mikate ya zafarani,
kikapu kichwani, sketi ameikunja magotini.
Akainama mtaroni, akajaza aproni changarawe,
akaanza kuimwaga juu ya reli, mbele ya punda,
kama anayewapa kuku mtama.
Wachimba bati wa daraja la tatu wakamfuata,
wakichota kwa kofia, kwa viganja,
mmoja kwa kiatu chake mwenyewe.
Bwana wa daraja la kwanza akateremsha kioo:
"Tutakawia muda gani?"
Jabez akamjibu: "Ukishuka, dakika tano.
Ukikaa, sita."
Akapandisha kioo.

Zilikuwa sita.
Punda akakohoa, akang'ata,
changarawe ikilia chini ya chuma kama mifupa ya samaki,
na wale watu wakatembea kando yake hadi kileleni,
hakuna aliyetaka kupanda tena kabla yake.

Mei ya mwaka wa tisini na mbili
mafundi walikuja kwa maelfu, wakalala kwenye mabanda ya mizigo,
na kwa siku mbili wakaisogeza reli moja karibu na mwenzake.
Basi.
Punda wetu akawa mpana kuliko njia.

Tulimpeleka wenyewe Swindon, kabla ya kufungwa,
tukamwegesha mwishoni mwa safu
ambayo sikuuona mwanzo wake.
Nikakung'uta tanuri. Nikafagia majivu,
sijui nilikuwa namfagilia nani.
Jabez akaweka kiganja kwenye bati, akangoja
muda mrefu kuliko desturi.
"Digory," akasema, "hana njaa."

Kusema kweli injini mpya inapanda vizuri zaidi.
Kileleni inafika dakika nne mapema,
na mchanga wake haugandi.
Jabez amestaafu, anafuga nyuki, hasemi nao.
Loveday bado hupanda treni ya jioni,
na kila apandapo mfuko wa aproni yake umelemea upande mmoja.
Nilimwuliza amebeba nini.
Akaniuzia mkate.