Hodi ya Pili

Fomu ya serikali ilikuwa na kurasa arobaini na moja.
Ukurasa wa tisa: Taja lengo lako kuu.
Nikamwambia Bronte, aliyekuwa akiniandikia,
andika: kufunga mlango.
Akainua kalamu. "Kufungua, sivyo?"
Kufunga, nikasema. Andika kufunga.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba
pikipiki ya magurudumu manne iliponilalia
shambani kwa mjomba, katika ngano, kaskazini ya Bendigo,
na kwa kuwa hapakuwa na pengine
wakanipeleka wanakopelekwa wazee.
Huko chakula cha jioni ni saa kumi na moja,
mapazia huvutwa jua likiwa bado juu ya ghala.
Bwana Haddow wa chumba cha pili aliniita Lorna.
Bintiye, nadhani, au mbwa wake.
Sikumsahihisha. Alikuwa akijiitikia mwenyewe.

Miaka minne. Milango ilikuwepo, msidhani haikuwepo,
mipana, ya kijani, yenye namba,
ila ilikuwa milango ya watu kuingia.
Waliingia na vidonge, waliingia na ndoo ya deki,
waliingia kuniuliza kama nimekwenda haja
binamu yangu akiwa ameketi pale na zabibu zake.
Hakuna aliyebisha.
Nani hupiga hodi kwenye kabati?

Kisha barua: ombi limekataliwa.
Barua: ombi linatazamwa upya.
Bronte alitembea na faili langu kama abebaye mayai.
Barua ya tatu nilitaka nisomewe mara mbili,
maana mara ya kwanza nilikuwa nikiisubiri "lakini".

Sasa nina sinki linaloshuka hadi magotini,
winchi ya dari inayoninyanyua kitandani
kwa sauti ya nyuki mmoja ndani ya chupa,
bafu lisilo na kizingiti,
na pazia linalotii sauti yangu, siku likipenda;
lafudhi ya shamba huichanganya mitambo,
nikisema pazia, huwaka feni.
Jengo lina nyumba kumi. Msaidizi yuko chini:
nikimwita huja, nisipomwita haji.
Nisipomwita, haji.

Usiku wa kwanza niliufunga mlango, kitufe kwa kidevu,
nikaufungua, nikaufunga, mara kumi na moja,
hata Tuan wa nyumba ya nne akagonga ukuta:
"Tumekusikia, una mlango!"

Sijasahau ile korido ya kijani.
Yuko Fergus kule, ana miaka ishirini na tisa,
fomu yake iko ukurasa wa ngapi sijui.
Nikifurahi sana humkumbuka,
furaha ikapata kipande cha mfupa ndani yake.

Jumapili mama alikuja.
Miaka yote ile alizoea kutia saini daftarini na kupita.
Safari hii alisimama nje, nikamwona kwenye kioo kidogo,
hajui mikono aiweke wapi,
kisha akabisha.

Sikuitika papo hapo.
Si ukaidi, mama.
Nilitaka kuisikia ya pili.