Foronya

Wiki ile cherehani yangu haikulala.
Zaina Dhahabu alikufa Jumatatu alfajiri,
na kufikia adhuhuri Ngamiani nzima imeshajifunika:
redio ya kinyozi, redio ya buchani,
sauti yake inatoka kila dirisha la Barabara ya Saba
kama moshi wa vitumbua.
Kamati ikanibwagia majora matatu ya kitambaa cheusi.
"Fundi Shembilu, vya kufunga mkononi, mia nne.
Na fulana za picha yake, kabla ya Alhamisi."
Wakalipa nusu papo hapo.
Miaka ishirini na mbili nashona,
sijawahi kulipwa nusu kabla ya kutia uzi sindanoni.

Nami nililia, sijifanyi jiwe.
Mke wangu nilimposa kwa nyimbo zake,
maana maneno yangu mwenyewe yalikuwa hayatoshi.
Nilikanyaga pedali, machozi yakinywewa na kitambaa.
Nyeusi haina doa.

Jumanne, jua la utosi,
akaingia mama mmoja na mfuko wa nailoni.
Akatoa shati.
La samawati, mistari myembamba,
kola imelika upande wa kushoto,
kifungo cha tatu kimeshikizwa kwa uzi mwekundu,
mshono wa mwanamume mwenye haraka.
"Nikatie foronya. Moja tu."
"Mama, njoo Ijumaa. Huoni msiba huu?"
Akayatazama marundo yangu meusi,
akayatazama kwa zamu, moja moja.
"Nauona," akasema.
Shati akaliacha mezani.
Sikuuliza la nani.

Alhamisi nilikuwa Kange na fulana begani,
elfu kumi, elfu nane kwa mwanafunzi.
Msafara wa Zaina unaingia kutoka Segera,
pikipiki mia, honi, vumbi, shule zimefungwa,
vijana juu ya mapaa ya vibanda,
Mkwakwani umejaa tangu saa mbili, wanasema.
Na upande wa pili, kutoka Bombo,
lori moja la jeshi linaelekea Pongwe.
Trafiki akalinyooshea kiganja: subiri.
Likasubiri.
Nyuma, wanajeshi sita wamekaa,
magoti yao yamelizunguka sanduku lenye bendera.
Mtu mmoja, fulana yangu mwilini, akaligonga bati kwa ngumi:
"Zimeni injini! Heshima kwa marehemu!"
Na dereva, kijana mdogo, akaizima.

Kifo cha wengi harusi, walisema wa kale.
Cha mmoja hawakukipa jina.

Ndipo nikamwona, kwenye kiti cha mbele,
kati ya dereva na sajenti.
Mama wa foronya.
Tukatazamana. Mimi na bei mdomoni,
yeye, midomo inakwenda taratibu:
alikuwa anaufuata wimbo,
ubeti kwa ubeti, bila kukosea.

Dakika arobaini. Halafu lori likawaka, likaenda zake,
na hakuna aliyegeuza shingo.

Usiku ule nilikata shati.
Kola nikaitupa, kisha nikaiokota.
Kifungo cha uzi mwekundu nikakiacha palepale,
kifunge mdomo wa foronya.
Mkono wangu unajua kushona haraka;
ule usiku niliufundisha polepole.

Ijumaa akaja. Akapitisha kidole kwenye mshono, akafika kwenye kifungo, akasimama hapo.
"Mbelwa alikishona mwenyewe," akasema.
"Siku anaondoka. Gari linapiga honi nje."
Kisha: "Yule dada alimpenda sana.
Angekuwepo, angenunua fulana yako."
Nilitaka kusema neno. Nikatafuta sindano ambayo haikupotea.
"Shilingi ngapi, fundi?"
Nikamwambia hapana, mama, hii hapana.
Akafungua fundo la kanga,
akaweka elfu mbili juu ya cherehani, akazinyoosha kwa kiganja.
"Kazi hulipwa," akasema.
"Hata yeye walimlipa."