Somo la Uraia, Kidato cha Pili B, Konde

Katiba niliipiga fotokopi Wete, kwa pesa yangu,
karatasi moja moja, maana pini za skuli
zimekwisha tangu muhula uliopita.
Nikazipanga mezani, nikazikandamiza kwa bakora.

Sikuiona. Mwalimu gani anaiona bakora?
Iko pale kama chaki, kama dasta.

"Kila mtu ana haki ya kuwa..."
"HAI!" Darasa zima, sauti moja.
"Kila mtu ana uhuru wa..."
"MAONI!"
Wanajua kuitikia. Wameitikia tangu chuoni,
wanajua pa kupandisha na pa kushusha.
Nikauliza: haya, nani ana maoni?
Nzi akatembea juu ya ramani ya Unguja,
akavuka bahari kwa miguu, akafika Pemba,
hakuna aliyenyoosha kidole.

Ila Mtumwa. Mtumwa Khatibu,
aliyepewa jina la bibi yake mzaa baba
na hakuna aliyemuuliza kama analitaka.
Hukaa dirishani: dawati lake lina mguu mfupi,
ukuta humsaidia.
"Mwalimu, mie nna suali, si maoni.
Hiyo bakora inazilinda karatasi na upepo,
au inazilinda na sisi?"

Mkono wangu unaijua njia yake.
Ni mkono wa baba, wa maalim wangu wa chuo,
wa miaka kumi na tisa kazini.
Nikainyanyua bakora. Nasema kweli,
sijui nilitaka kufanya nini.

Karatasi zikaondoka kama kuku waliofunguliwa banda,
na Pili B, bila ruhusa, nyuma yake.

Usawa mbele ya sheria ulinasa michongomani.
Faragha ilitua juu ya paa la choo cha walimu.
Uhuru wa kwenda utakako aliudaka Makame Shaame
akaukalia, akicheka, asije akautwaa mwengine.
Na ibara ya kumi na nane ilivuka barabara
ikaanguka kwenye jamvi la karafuu la Bi Raya,
naye akamwita Mtumwa:
"Njoo uchukue barua yenu. Yasemaje?"

Mtumwa akamsomea. Taratibu, si kwa kuitikia:
akipotea, akirudi nyuma, akitafuta pumzi
katikati ya sentensi ndefu za mawakili.
Bi Raya anasikiliza, anachambua makonyo.
"Hayo yaliandikwa lini?"
"Zamani, bibi. Mie sijazaliwa."
"Na wewe wamekwambia leo?"

Akanitazama mimi,
nimesimama njiani na bakora mkononi,
sina cha kukandamiza.

Ile karatasi ingali inanuka karafuu.
Suali la Mtumwa nimeliandika ubaoni,
wiki ya pili hii sijalijibu wala sijalifuta.
Jana mwalimu mkuu kaingia, kalisoma mara mbili,
kauliza: "Hili la nani?"
Nikasema langu.

Mtumwa akanyoosha kidole.