Vijumba Vinane

Miaka ishirini na tisa shangazi yangu Khazina
amekuwa hai serikalini.
Daftari la wapiga kura lina jina lake,
hati ya shamba la Matondoni ina dole gumba lake,
na mwaka jana mzee wa mtaa akaleta ujumbe:
aje achukue pesa za wazee.

Nikasema, Khazina binti Famau yuko makaburini,
safu ya tatu, penye ukuta ulioporomoka.
Akasema, leta karatasi.

Karatasi.
Yeye aliyeosha wanawake wa Mkomani, mwenye nacho na asiye nacho,
aliyejua sanda ya mtu kwa kumtupia jicho begani,
hakuandikisha hata mmoja.
Daftari lake lilikuwa kichwani:
fulani, mwaka kisima kilipogeuka chumvi;
fulani, asubuhi ya kwanza ya mvua za vuli;
fulani, mimba ya miezi minane, msiniulize.

Basi nimekuja mahakamani Amu na bahasha:
barua ya chifu, muhuri wake umekauka wino nusu,
kiapo nilicholipia, kilichopigwa chapa na kijana
aliyeandika "marehemu" akasahau herufi, akafuta, akaandika tena,
na kitambulisho kilichovunjika pembe,
chenye picha ambayo shangazi hakutaka kupigwa.

Karani anauliza tarehe ya kifo.
Mfungo sita, nasema. Siku nne baada ya Maulidi,
watu washatoka kusali Isha.
Anaitazama fomu. Fomu ina vijumba vinane.
Anatoa simu, anahesabu kurudi nyuma,
ananirudishia siku mbili,
kwa kuwa mwaka ule kuna waliouona mwezi
na kuna ambao hawakuuona.
"Chagua moja. Mahakama haina *au*."
Nikachagua ya mwisho.
Nimzidishie siku.

Ndani, feni inazunguka kwa kusitasita.
Hakimu anauliza: nani aliuona mwili?
Mimi niliuona. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
nilishika kandili, nikakatazwa kulia karibu na maji.
Lakini ushahidi wa mtoto, anasema, na kalamu yake inasimama.

Ndipo Bi Mwanapwani anapoinuliwa na wajukuu wawili.
Haskii vizuri. Swali wanamrudia mara tatu.
Mwishowe ananyoosha mikono juu ya meza ya hakimu,
vidole wazi, kana kwamba ingali inachuruza:

"Ndimi niliyemuosha. Kazi hii alinifunza yeye.
Nilianza kuumeni, kama alivyonifunza.
Kisha nikakosea, nikamwaga kata nzima upande mmoja,
nikangoja anigombeze.
Hakunigombeza.
Hapo ndipo nilipojua."

Hakimu hakuandika kwa muda.
Kisha akaandika.

Dirishani nikalipa faini ya kuchelewa,
risiti ikatoka na jina lake juu,
yeye ambaye hakuchelewa msiba hata mmoja,
aliyefika na ndoo yake kabla ya kilio cha pili.

Nje, kwenye ngazi, Bi Mwanapwani akanishika mkono,
akauliza kwa sauti ya mtu asiyejisikia,
punda na wachukuzi wakageuka:
"Wamekubali kuwa amekufa?"
Wamekubali, bibi.
Akakaa juu ya ngazi, akavua kiatu kimoja.
"Na wale wengine?"
Akaanza kuwataja,
akikunja vidole,
na mimi natafuta kalamu.