Gati Lisilo Lake

Kazi yangu ni karatasi.
Ghorofa ya tatu, feni moja, dirisha la barabarani,
mimi ndiye nijuaye kontena lipi limelala Kilindini
bila hati, bila mwenyewe,
na kila usiku linaongeza deni.

Kwa hivyo daktari aliponigeuzia kioo cha ultrasaundi,
akanionyesha ovari ya kushoto,
doa la mviringo, la kijivu,
kama shilingi iliyotumbukia kwenye uji,
nilimwelewa kabla hajamaliza.
"Ni utando kama ule wa ndani ya mji wa mimba," alisema,
"ila umeota pasipo pake.
Mwezi ukifika nao huvuja,
na damu yake haina mlango."
Mzigo, nikasema moyoni,
ulioshushwa gati lisilo lake.

Damu ya miaka, imeganda, imekolea.
Wanauita uvimbe wa chokoleti.
Nilicheka. Mwuguzi akaniangalia.
Miaka kumi na tisa ya kuuma shuka,
na jina lake ni kitu cha kununuliwa watoto.

Darasa la saba mwalimu wa zamu aliandika: *anadeka.*
Mama alichemsha tangawizi, akanipapasa kiuno:
utazaa, yataisha.
Utazaa, yataisha.
Hakuna aliyeniambia kwamba
yale yaliyongoja kuishia kwenye kuzaa
ndiyo yaliyokuwa yakila kuzaa kwangu.

Mavyaa hajanikosea adabu, la.
Huniletea habasoda ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi,
huniletea kombe la zafarani, nami nanywa,
maji yaliyosomewa hayakataliwi.
Lakini kwenye arusi za Kibokoni
hunitazama tumbo kwanza
ndipo anitazame uso.

Miaka thelathini na mbili kwenye kitambulisho,
arubaini na tatu kwenye majibu ya damu.
"Akiba ya mayai," daktari alisema, "imepungua.
Tukiukata uvimbe, huenda tukakwangua na mayai jirani.
Tukiuacha, unayabana.
Mrija wa kulia unapitisha.
Wa kushoto umegandana na utumbo.
Sisemi huwezi, Mishi.
Nasema saa yako inakwenda mbio."

Twalib hakutia neno.
Alikuwa amekunja risiti ya maegesho
ikunjwe, ikunjwe tena, hata ikawa punje ya mchele.
Nje akaninunulia viazi karai vya shilingi hamsini
akavila vyote yeye, amesimama, ukwaju ukimchuruzika mkononi.

Usiku akauliza, gizani:
"Kontena likikwama, nyinyi hufanyaje?"
"Mwenyewe hulipa," nikasema, "au hulisamehe likanadiwa."
"Na kama hataki kulisamehe?"
Nikageukia ukuta.
Mwezi wa Machi kuta zetu hutoka jasho kama watu.
"Basi hulipa," nikasema,
"na hulipa upesi."
Akaniwekea kiganja kiunoni, pale pale panapouma,
wala hakukikandamiza.

Jumapili, kwa dada yangu, Majengo.
Zamzam, miaka kumi na minne,
amejikunja mkekani, magoti kidevuni,
chupa ya maji moto imefungwa kanga tumboni.
Leo siku ya tatu hajaenda madrasa.
Bibi anapepea makaa, hainui kichwa:
"Mwanamke ni kuvumilia. Utazoea, mjukuu wangu.
Ukishazaa—"

"Bibi."

Sijapata kumkata kauli mtu mzima.
Ukili wa mkeka umemchora mtoto shavuni.
Mimi sina mwana. Sijui kama nitakuwa naye.
Nina jina la ugonjwa tu, liko mkobani,
limepigwa muhuri, lina tarehe,
na nililipata nikiwa nimechelewa.

"Zamzam," nikasema. "Vaa viatu."