Kidole Kwenye Mizani

Baba alianguka zizini akiwa na miaka arobaini na saba,
uma wa majani mkononi,
siagi ya asubuhi bado kwenye masharubu.
Hakuna aliyekuwa amempima chochote.
Siku hizo huku Karelia wanaume walizimika kama taa:
inawaka, inawaka, haiwaki.

Mimi nimempita kwa miaka kumi na minne
na nina karatasi yenye jina langu, Urpo,
na lehemu: saba nukta nane.
Daktari aliisoma kwa upole,
kama mtu anayekuja kukuambia
ng'ombe wako yumo shambani mwa jirani.

Helka hakulia. Alifungua friji.
Siagi ikatoka, jibini ikatoka, mafuta ya nguruwe yakatoka,
uji wa shayiri ukaingia na kukaa kama mkwe.
Hayo niliyaweza.
Lakini kahawa!
Kwetu huchemshwa sufuriani mpaka ipande,
huachwa itue, hunywewa karibu na mashapo yake.
Nani angedhani kuwa yale mafuta membamba
yanayong'aa juu ya weusi
huichochea lehemu damuni?
Helka akanunua chujio za karatasi.
Kikombe cha kwanza kilikuwa na ladha
ya msamaha usiotoka moyoni.
Nikakinywa.

Februari nikashikwa na homa ya mafua,
wiki mbili za jasho na mchuzi mwepesi.
Nilipoweza kusimama tu
nikaendesha gari kilomita thelathini za theluji
hadi maabara ya Lieksa.
Nne nukta tisa!
Nikampigia ndugu yangu Taisto, huko Oulu, nikajigamba.
Nikanunua soseji. Niseme kweli: nne.

Kesho yake simu. Eerika, mtoa damu,
mwenye sauti ya mtu asiyeuza kitu.
"Uliugua lini?"
Nikamwambia.
"Basi hiyo si lehemu yako, Urpo, hiyo ni homa yako.
Mwili ukiwa vitani tarakimu hushuka, kisha hurudi.
Ngoja wiki nane.
Na usijifanye mtawa siku saba za mwisho,
kula unavyokula.
Pombe iache siku tatu kabla.
Usiku ule, saa kumi na mbili, maji matupu."

Nilimchukia mpaka jioni.
Nani hufurahi kunyang'anywa habari njema?
Kisha nikamkumbuka yule mnunuzi wa maziwa
aliyekuwa akigusa mizani kwa kidole, kidogo tu,
akidhani hatumwoni.
Safari hii kidole kilikuwa changu,
na maziwa pia yangu.

Wiki nane.
Barafu ya ziwa Pielinen ilipasuka usiku kwa mlio wa bunduki.
Nilikula kama nilivyoapa kula maisha yote:
vizuri, na Jumamosi vibaya kidogo.

Siku yenyewe Eerika alinikalisha kwanza.
"Robo saa. Damu ya mtu aliyekuja mbio ni nyingine."
Nikakaa. Saa ya ukutani ilitembea kama ajuza mwenye ndoo mbili.
Akafunga mpira mkononi, akapata mshipa,
akaufungua mpira mara damu ilipoanza kuja.
"Ukikazwa mno, nao unaongeza," alisema.
Sikujua kwamba ukweli una adabu zake,
kwamba hata damu, isiyojua kusema uongo,
inaweza kuulizwa vibaya.

Sita nukta moja.
Si sherehe, si msiba.
Daktari ameongeza kidonge kidogo cha jioni,
nimekikubali bila kubishana.
Ni tarakimu ya kwanza ninayoiamini.

Nikampigia Taisto.
"Sita?" akasema. "Si ulisema nne?"
"Ile ilikuwa homa."
Akacheka.
"Na wewe," nikamuuliza, "umepimwa lini?"

Kimya.
Nikasikia kijiko kikigonga ukingo wa kikombe,
na nyuma yake, jikoni kwake,
sufuria ikipanda.