Ukucha wa Kidole Gumba

Vuli ya mwaka ule ilikuja kama mgeni wa msibani:
ikasalimia, ikakaa robo saa, ikaondoka.
Januari ikaanza na vumbi la Pasua juu ya kila jani,
na mlima, ambao hupenda kujifunika,
ukawa wazi asubuhi mpaka jioni,
bila wingu hata la kufutia jasho.

Miche mia mbili na kumi kitaluni kwangu,
kando ya mfereji uliobaki jina.
Maji ni madumu sita, kwa zamu, kila baada ya siku mbili.
Gawanya wewe.

Mkrismasi ndio ulionifundisha kwanza.
Saa tano tu, jua halijasimama vizuri,
unakunja vijani vyake viwili viwili
kama mwanafunzi anayefunga daftari
mwalimu akiwa bado anaandika ubaoni.
Nilidhani ni uvivu.
Kumbe jani lina vinywa upande wa chini,
vidogo, havionekani kwa macho yangu ya miaka hamsini na nne,
na kila kikifunguka kula hewa, maji yanatoroka.
Basi unavifunga. Unachagua njaa
ili usife kwa kiu.
Hilo nimewahi kulifanya mwenyewe,
mwaka wa ada ya Eliaichi.
Sikujua kama na miti hulifanya.

Mjakaranda hauna haya.
Wiki ya tatu umemwaga yote:
manjano, kahawia, kisha fimbo tupu ndani ya mfuko mweusi.
Wapita njia wakauliza, Mama, unauza miche au kuni?
Aikande, msaidizi wangu, akasema tuing'oe,
angalau tuokoe udongo.

Na mwashoki. Ah, mwashoki!
Mrefu, kijani, umenyooka kama askari wa gwaride.
Bwana Towo wa Shanti alinunua thelathini,
akaipanga mbele ya ukuta wake mpya,
akaimwagilia kila jioni kwa mpira,
kidogo kidogo, maji ya kulaza vumbi,
mpaka mizizi ikazoea kukaa juu, ikingoja kikombe.
Maji ya bomba yalipokatika siku kumi na moja
alinipigia kunisifu:
Miti yako imara, haijaangusha hata jani.

Nikaenda.
Kipimo changu ni kimoja, ukucha wa kidole gumba.
Unakwangua gome, taratibu, kama unavyokwangua vocha.
Chini yake pakiwa kijani, pana unyevu,
basi kuna mtu nyumbani.
Nikakwangua wa kwanza: kahawia.
Wa pili: kahawia.
Wa tisa nikaacha kuhesabu.
Majani yalikuwa bado yanang'aa,
kama duka ambalo mwenyewe amefariki
na taa hakuna aliyekumbuka kuizima.
Sikumwambia pale pale. Nilimaliza chai yake kwanza.

Jioni nikachuchumaa mbele ya zile kuni zangu.
Ukucha. Kijani.
Aikande akaweka jembe chini, akajaribu kwa wake,
uliopakwa rangi nyekundu ya sherehe ya Jumapili.
Kijani.
Tukapasua mfuko mmoja kuangalia:
mzizi umetoboa plastiki, umezama ardhini
kina cha mkono mpaka kiwiko,
unautafuta mfereji uliokufa.
Aikande akanitazama, akingoja niseme neno.
Nikasema, Lete dumu la nne.

Masika ikaja usiku, mwisho wa Machi, kwa fujo,
ikang'oa bati mbili za choo.
Si yote iliyochipua. Arobaini na moja haikurudi,
na iliyorudi, mingine majani yake ni madogo mpaka leo,
kama mtu anayeongea kwa sauti ya chini baada ya kuugua.

Mmoja wa hiyo uko getini kwa Bwana Towo.
Nilimpa bure.
Kila kiangazi ukianza kupukutika, simu yangu inalia:
Mama Eliaichi, umekufa?
Namwambia, kwangua.